Kumjua mdiria wa ziwani: mwongozo kamili kwa anayeishi karibu na maji Uganda

Wageni wanaokuja Uganda kutazama ndege hutua Entebbe na jina moja midomoni: korongo-nyangumi wa kinamasi cha Mabamba. Wakiwa njiani kumfuata humpita mdiria mweusi na mweupe aliyetua juu ya kamba ya mtumbwi, wala hawageuzi shingo. Sisi wenyeji hatuna afadhali. Anayeshinda mwaloni, pale mitumbwi ya wavuvi inapotia nanga, humwona ndege huyu tangu asubuhi mpaka jioni, na ukimuuliza dume na jike wanatofautianaje, atakuangalia tu.

Nchi hii ina aina zaidi ya 1,000 za ndege. Pamoja na wingi huo, mtu akiniuliza aanze na yupi, namwambia aanze na huyu. Kazi yake yote anaifanya hadharani, juu ya maji yaliyo wazi, mchana kweupe. Haogopi watu kupita kiasi. Halafu ana mambo ya kifamilia ambayo wataalamu wamekuja kutoka mbali kuyachunguza katika maziwa yetu haya.

Mwongozo huu si wa kujaza orodha ya ndege. Ni wa kuchagua ndege mmoja na kukaa naye mpaka uelewe anafanya nini na kwa sababu gani. Aliye na haraka ya kuona aina hamsini kabla ya chakula cha mchana atafute mwongozo mwingine.

Kwanza: hakikisha ni yeye

Mdiria tunayemzungumzia, ambaye wanasayansi humwita Ceryle rudis, hana rangi yoyote zaidi ya nyeusi na nyeupe. Urefu wake ni kama sentimita 25, mdomo ukiwemo, na mdomo wenyewe ni mweusi, mrefu, umenyooka. Kisogoni ana kishungi kilichotimka. Macho yamepitiwa na mstari mpana mweusi, na juu yake kuna mstari mweupe. Akitua hutikisa kichwa na mkia juu na chini mara kwa mara, na ni mpiga kelele: sauti kali, fupifupi, zinazofuatana haraka.

Kumtofautisha dume na jike ni rahisi kuliko kwa ndege wengi. Tazama kifua. Dume ana mikanda miwili myeusi, wa juu mpana na wa chini mwembamba. Jike ana mmoja, na mara nyingi huo mmoja umekatika katikati ili weupe upite. Ndege mchanga naye ana mkanda mmoja, ila ni wa kijivu na umefifia, na manyoya ya usoni na kooni yana ncha za kahawia. Jizoeze hapa mpaka uweze kusema “dume” au “jike” kwa kutupa jicho mara moja, kwa sababu habari zote za familia zitakazokuja mbele zinategemea jambo hili.

Kuna jamaa zake wanaoweza kukuchanganya. Yule mdogo sana mwenye mgongo wa buluu inayong'aa, tumbo la rangi ya chungwa na mdomo mwekundu, anayekaa kwenye mafunjo na matete, ni mdiria mwingine kabisa. Naye hula samaki, lakini huvua karibu na ukingo akiwa ametua. Yule mkubwa, mara mbili ya urefu wa huyu au karibu na hapo, mwenye madoadoa na rangi ya kutu, ndiye mdiria mkubwa kuliko wote Afrika. Dume wake ana kutu kifuani, jike tumboni. Wapo pia wale wa buluu wanaopiga kelele juu ya miembe mbali na maji. Hao chakula chao hasa ni wadudu, panzi na wenzao, na hawatuhusu leo.

Pili: chagua mahali, ukae hapo

Mahali pa kumpata si tatizo. Yuko Ziwa Victoria kuanzia Ggaba na Entebbe hadi Jinja, yuko Mto Nile, yuko Ziwa Albert, yuko Ziwa Mburo. Kwenye Mfereji wa Kazinga, ule unaounganisha Ziwa George na Ziwa Edward ndani ya Hifadhi ya Queen Elizabeth, wamejaa kiasi kwamba waongoza watalii huacha kuwataja baada ya dakika kumi za kwanza.

Swali ni wapi utaweza kukaa saa mbili bila kusumbuliwa na bila kumsumbua yeye. Boti ya watalii ya Kazinga ni nzuri kwa kuona wingi wao na mashimo yao kwenye kingo, lakini boti haingoji. Mdiria akianza kuvua, nahodha ameshawapeleka kwa tembo. Kwa maoni yangu mwalo wa kawaida wa wavuvi unashinda hifadhi kwa kazi hii. Pana vigingi, kamba, mitumbwi iliyofungwa, mti mmoja mkavu uliosimama majini. Vyote hivyo ni vitulio. Watu wamejaa, kwa hiyo ndege amewazoea. Na maji ya karibu na ukingo yana samaki wadogo.

Bustani ya Mimea ya Entebbe, iliyoanzishwa 1898, ni chaguo jingine zuri kwa anayeanza, maana inateremka hadi ziwani na kuna kivuli. Aliye Katwe au Kasenyi, vijiji vya wavuvi vilivyo ndani ya eneo la Queen Elizabeth, hana haja ya kusafiri popote. Lakini asome kwanza sehemu ya viboko hapo chini.

Ukifika mwalo usioufahamu, usianze kwa kutoa darubini. Salimia. Mtafute mwenyekiti wa mwalo au wa LC1, yaani wa kijiji, mwambie, “Shikamoo mzee, nimekuja kutazama ndege, nitakaa pale kwenye mawe.” Akijua shida yako, hata wavuvi watakuonyesha mahali. Ziwani huweza kuwa na doria za kusaka nyavu haramu, na mtu asiyejulikana anayekodolea mitumbwi darubini ataitwa aeleze. Ukiitwa, nenda, “Habari za kazi, afande,” onyesha daftari lako, mambo yaishe. Karibu na mabwawa ya umeme, madaraja makubwa na uwanja wa ndege, acha kamera mfukoni.

Tatu: vifaa

Darubini ya 8x42 inatosha, na kwangu ni bora kuliko ya 10x42. Hiyo 8 ni mara ngapi kitu kinakuzwa, 42 ni upana wa kioo cha mbele kwa milimita. Ukuzaji mkubwa hutikisika mkononi, na juu ya mtumbwi ndiyo kabisa huoni kitu. Huna darubini? Kaa mwaloni mahali ndege amezoea watu. Mita kumi na tano au ishirini macho yanatosha kuhesabu mikanda ya kifua.

Zaidi ya hiyo beba daftari, penseli (wino hutiririka ukilowa), saa, kofia na maji ya kunywa. Nguo za rangi iliyotulia, si lazima za kijani kama askari wa msituni.

Nne: saa na hali ya hewa

Fika saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Maji huwa shwari, mwanga unatoka upande mmoja, na ndege ameamka na njaa. Kaa jua likiwa mgongoni mwako. Ukilielekea, ndege mweusi na mweupe anageuka kivuli tu na mikanda haionekani. Kwenye ufuo unaotazama magharibi asubuhi ndiyo yako, unaotazama mashariki ngoja alasiri.

Usiondoke upepo unapoanza kuvuma. Wengi hukunja vitu vyao hapo, kumbe ndipo mchezo unabadilika.

Tano: soma uvuvi wake

Hii ndiyo sehemu ninayotaka uitumie muda mwingi.

Mdiria huyu ana namna mbili za kuvua. Ya kwanza ni ya kutua: anakaa juu ya kigingi au tawi, anainamisha kichwa, anatazama, anajirusha. Hiyo wanayo jamaa zake wengi. Ya pili ndiyo iliyompa sifa. Anaruka hadi juu ya maji, anasimama hewani mahali pamoja akipiga mabawa kwa kasi, mwili karibu wima, mdomo umeelekea chini. Kichwa hakitikisiki hata kidogo wakati mwili mzima unahangaika. Huyu ndiye ndege mkubwa kuliko wote wanaoweza kusimama hivyo hewani bila msaada wa upepo. Tai na mwewe wengine unaowaona wamesimama angani wanaegemea upepo. Huyu hata siku ya shwari anaweza.

Faida yake ni kubwa. Anayevua kwa kutua amefungwa na ukingo: penye tawi anakula, pasipo na tawi analala njaa. Huyu anaweza kwenda kuvua mbali kabisa ziwani, kilomita nzima na zaidi, ambako hakuna hata unyasi wa kutua. Na samaki akiwa mdogo humeza akiwa angani, kisha anaendelea kutafuta mwingine bila kurudi nchi kavu.

Sasa mfuatilie mmoja. Mwangalie tangu anapotua mpaka anapotua tena, na ujiulize maswali haya.

Amechagua namna gani, na maji yakoje? Maji yakiwa shwari na kitulio kipo, mara nyingi atavua kwa kutua, maana kusimama hewani kunamaliza nguvu. Upepo ukija mambo mawili hutokea kwa pamoja. Uso wa maji huvunjika na samaki hawaonekani vizuri kutoka kigingini. Na upepo wenyewe humbeba, kwa hiyo kusimama hewani kunakuwa rahisi. Utaona anahamia angani, uso ameuelekeza upepo unakotoka.

Amesimama hewani mara ngapi kabla ya kupiga mbizi? Anaposimama, akasogea mita chache, akasimama tena, halafu akashuka kidogo na kusimama mara ya tatu, anamfuata samaki aliyekwisha kumwona au anajaribu mahali papya. Ukizoea utatofautisha: wa kwanza hushuka ngazi kwa ngazi, wa pili husogea kando kwa kimo kilekile.

Ameingia majini vipi? Atashuka karibu wima. Hilo lina maana yake. Mwanga hupinda unapotoka majini, hivyo samaki anayetazamwa kwa pembe huonekana yuko juu kuliko alipo. Mvuvi wa mkuki analijua hili. Anayetazama kutoka juu kabisa hadanganywi sana. Macho yake nayo hufunikwa na utando anapogusa maji.

Alipotoka alikuwa na kitu? Usikimbilie kusema amekosa. Samaki mdogo wa aina ya mukene, yule Watanzania wanayemwita dagaa, anaweza kumezwa kabla hujashusha darubini. Angalia koo na mdomo. Ndege aliyekosa hujikung'uta maji na kurudi kutazama mara moja. Aliyepata samaki mkubwa kidogo humpeleka kwenye kitulio na kumpigiza kwenye mti au chuma, kushoto na kulia, mpaka alegee, ndipo ammeze kuanzia kichwani ili magamba na miiba isimkwame.

Hapa kuna alama moja ambayo ukiijua utaona mengi. Tazama kichwa cha samaki kimeelekea wapi mdomoni. Kikielekea kooni mwa ndege, anakula mwenyewe. Kikielekea nje, mbele, samaki huyo ni wa mtu mwingine: mpokeaji naye anahitaji kuanza na kichwa. Mwandame kwa macho ndege huyo. Atakupeleka kwa mchumba anayebembelezwa au kwenye shimo lenye watoto.

Na chini ya kitulio anachokipenda, akishaondoka, chungulia. Mdiria hutapika vidonge vya miiba na magamba yasiyoyeyuka tumboni. Vikikauka huwa vyeupe na huvunjika ukivigusa. Kwa vidonge kama hivyo watafiti wa upande wa Mwanza, Tanzania, walijua jambo kubwa kuhusu ziwa letu. Sangara, huyu tunayemwita mputa, aliletwa Ziwa Victoria miaka ya 1950 na 1960, na kufikia miaka ya 1980 alikuwa amewafyeka samaki wadogo wa jamii ya nkejje. Mdiria aliyekuwa akila nkejje akageukia dagaa, karibu dagaa watupu. Wavuvi wa taa nao walikuwa wakifanya vilevile.

Usitarajie kumkuta kwenye mukene iliyoanikwa mchangani. Hiyo ni karamu ya yangeyange na kaloli, yule korongo mkubwa mwenye upara. Mdiria anataka kilicho hai ndani ya maji: samaki hasa, na mara mojamoja kamba au wadudu wakubwa wa majini.

Sita: andika

Usiandike insha. Andika kila unapoona jambo, mstari mmoja. Mfano wa ukurasa:

Saa 1:05 asubuhi. Maji shwari. Dume, kigingi cha tatu. Mbizi 1, kakosa.
1:12. Dume yuleyule. Mbizi 1, samaki wa kidole. Kapigiza mara nyingi, kameza.
1:20. Jike kaja kigingi cha nne. Dume kapiga kelele, hakumfukuza.
2:40. Upepo kutoka ziwani. Dume yuko hewani, mbali na ukingo. Mbizi 4, samaki 2, kameza angani.

Tenganisha mbizi za kutua na mbizi za hewani tangu mwanzo, na kila saa andika hali ya maji hata kama haijabadilika. Baada ya wiki chache za kuandika hivyo unaweza kulinganisha: siku za shwari na za upepo, asubuhi na alasiri, dume na jike. Bila mbizi zilizokosa hesabu haina maana, kwa hiyo usizidharau.

Saba: tafuta shimo, uifahamu familia

Mdiria hajengi kiota mtini. Anachimba. Anahitaji ukingo wa udongo au mchanga uliosimama wima, mkavu, mgumu wa kutoporomoka lakini laini wa kuchimbika. Dume na jike huchimba pamoja, kwa mdomo, na kusukuma udongo nje kwa miguu. Njia huingia ndani mita moja au zaidi na kuishia kwenye chumba. Humo hakuna nyasi wala manyoya. Kadiri siku zinavyokwenda sakafu hujaa miiba na magamba, na harufu yake unaifikiria mwenyewe.

Kutambua shimo linalotumika: sakafu ya mlango huwa na mifereji miwili midogo iliyochimbwa na miguu inayopita kila siku, na chini yake ukuta una michirizi myeupe ya kinyesi. Kule Hifadhi ya Murchison Falls, boti inayotoka Paraa kwenda kwenye maporomoko hupita kuta zenye mashimo mengi madogo yaliyobanana. Hayo mara nyingi ni ya keremkerem wenye koo jekundu. Ngoja umwone anayeingia kabla ya kuandika.

Jike hutaga mayai meupe, kwa kawaida manne au matano, na kuyaatamia kama siku 18. Dume naye hushika zamu. Makinda hutoka bila unyoya na macho yamefumba, na hukaa ndani wiki tatu na ushei kabla ya kuruka. Maadui ni kenge, nyoka na nguchiro, pamoja na maji yenyewe. Mwaka 2020, Ziwa Victoria lilipopanda kuliko lilivyowahi kupimwa, mialo mingi ya Uganda ilifunikwa, na kingo fupi zilikwenda nazo.

Sasa ndiyo habari niliyokuahidi. Ukishalipata shimo lenye makinda, kaa mbali, hesabu wanaoingia na samaki. Kwa akili ya kawaida watakuwa wawili. Mara nyingi utahesabu watatu, pengine wanne, na wale wa ziada wote wana mikanda miwili kifuani. Ni madume.

Mtaalamu Heinz-Ulrich Reyer aliwachunguza ndege hawa Kenya, katika Ziwa Naivasha na upande wa Kenya wa Ziwa Victoria, kuanzia miaka ya 1970. Aligundua kwamba kati ya mdiria hawa madume ni wengi kuliko majike, kwa hiyo wapo wanaokosa wenza. Wasaidizi wako wa aina mbili. Wa kwanza ni vijana wa nyumbani, watoto wa kiume wa uzazi uliopita, ambao hubaki na wazazi, hulinda shimo na kuleta samaki kwa wadogo zao tangu mwanzo. Wa pili ni wageni, hawana undugu na wenye nyumba. Hao huja makinda yakishaanguliwa, na samaki mdomoni, kuomba nafasi.

Ajabu ni jinsi wageni wanavyopokewa. Naivasha walifukuzwa. Victoria walifukuzwa kwanza, halafu wakakubaliwa. Tofauti ni chakula: Ziwa Victoria uvuvi ni mgumu zaidi, maji yana mawimbi na samaki wana lishe kidogo, hivyo wazazi wawili peke yao hushindwa kushibisha makinda yote. Reyer na mwenzake waliongeza makinda kwenye mashimo ya Naivasha ili mzigo uwe mzito kama wa Victoria, na wazazi wa huko nao wakaanza kuwapokea wageni. Naye mgeni hafanyi sadaka. Anajijengea jina kwa jike, na msimu unaofuata wengine hupata mwenza kwa njia hiyo.

Kwa hiyo ukiwa Entebbe au Jinja uko kwenye ziwa ambako jambo hili linatarajiwa kutokea. Fanya hivi:

Andika kila anayeingia: saa, dume au jike, ana samaki au hana, samaki ana ukubwa gani ukilinganisha na mdomo. Madume mawili wakionekana kwa wakati mmoja, mmoja ukutani na mwingine mlangoni, una ushahidi wa msaidizi. Mmoja peke yake akija mara kumi huna ushahidi wowote.

Angalia ugomvi. Dume anayekuja na samaki akapigiwa kelele na kufukuzwa, akarudi tena na samaki, akafukuzwa tena, huenda ni mgeni. Anayeingia moja kwa moja tangu siku za kuchimba huenda ni kijana wa nyumbani. Huwezi kuwa na hakika bila kuwavisha pete miguuni, na hiyo si kazi yetu, inahitaji kibali. Andika ulichokiona, si unachokidhania.

Umbali: kaa mita thelathini au zaidi, kando ya ukuta, si mbele ya mlango. Ndege akitua karibu na samaki na kukaa naye bila kuingia, akitikisa kichwa na kupiga kelele, wewe ndiye tatizo. Rudi nyuma mara moja. Usiwashe tochi ndani ya shimo, usiingize fimbo, usisimame juu ya ukingo maana unaweza kuuporomosha. Wala usiwaonyeshe watoto wa mwaloni shimo lilipo. Hao si wabaya, ila wana mikono mirefu.

Pia kumbuka wachimba mchanga. Kuta za mashimo yao ni mwaliko kwa mdiria, wima na mpya. Kisha koleo au mashine inarudi. Ukiona mashimo ya ndege kwenye ukuta unaochimbwa, zungumza na msimamizi. Kuuacha upande mmoja kwa mwezi na nusu mara nyingi hakumgharimu chochote.

Nane: usalama wako

Kichocho kiko Ziwa Victoria na Ziwa Albert. Usisimame majini karibu na ukingo kwenye matete na konokono kwa ajili ya picha. Vaa buti au kaa nchi kavu. Mamba wapo hata pale watu wanapofulia.

Viboko wa Katwe, Kasenyi na kingo zote za Kazinga hutoka majini jioni kwenda malishoni na kurudi alfajiri, saa zilezile unazopenda wewe. Usikae kwenye njia yao, ile iliyokanyagwa ikawa kama mfereji, na kamwe usijiweke kati ya kiboko na maji. Ukiwa ndani ya hifadhi, kutembea bila mlinzi wa UWA, Mamlaka ya Wanyamapori ya Uganda, hakuruhusiwi. Kwenye mtumbwi, koti la kuokolea livaliwe, si kukaliwa.

Kwa wafugaji wa samaki neno moja tu: mdiria atakuja bwawani kwako, na atachukua vifaranga. Funika bwawa la vifaranga kwa wavu uliovutwa vizuri, na ondoa vigingi na matawi yaliyo juu ya maji. Kumpiga kwa manati ni kuvunja Sheria ya Wanyamapori ya 2019, na kesho atakuja mwingine.

Tisa: jioni, hesabu

Mchana anavua mmojammoja au wawiliwawili. Usiku analala na wenzake, wengi pamoja, kwenye matete, mafunjo au matawi yaliyo juu ya maji. Saa moja kabla ya jua kuzama simama mahali penye upeo mpana na uangalie wanakoelekea. Jioni ya kwanza usihesabu. Tafuta mwelekeo tu. Jioni ya pili sogea karibu, lakini si hadi kwenye malazi yenyewe, kisha hesabu wanaopita mstari mmoja uliouchagua, kwa mfano kati ya kigingi na mti fulani. Wanaorudi nyuma watoe kwenye hesabu. Endelea mpaka giza likuzuie kuona, na uandike saa ya wa kwanza na ya wa mwisho.

Rudia kwa saa zilezile, mahali palepale, kila mwezi. Hesabu unaweza kuziingiza kwenye eBird, hifadhidata ya ndege ya mtandaoni, bila malipo, au kuzipeleka NatureUganda, shirika la uhifadhi, ambao huhesabu ndege wa majini Januari na Julai na hupokea watu wa kujitolea wanaoujua mwalo wao vizuri. Idadi ikishuka ghafla, kabla hujaandika kwamba ndege wamepungua, zunguka ukaangalie kama matete waliyokuwa wakilalia yamekatwa au yamechomwa. Wakihamia ghuba ya pili, mahali pako pa kusimamia panahama nao, na hesabu inaanza upya ikiwa na jina jipya la mahali.